Mkono Wangu Haukulegea: Uzoefu Wangu na Bastola ya Bei Nafuu ya Kuweka Garini

Niliapa kwamba sitaandika neno hata moja kuhusu bastola hii mpaka hasira inipoe. Miezi imepita na hasira haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Ninaishi Houston, Texas, na kazi yangu ni kusafisha ofisi usiku. Hutoka kazini saa nane au saa tisa za usiku, peke yangu, mashine ya kung'arishia sakafu ikiwa nyuma ya gari. Mwenzangu mmoja alipoporwa simu na funguo katika maegesho ambayo hata mimi huyatumia, mke wangu ndiye aliyelitamka kwanza neno nililokuwa naliogopa. Kwetu Mombasa bastola ni ya askari, ya mheshimiwa au ya jambazi, na mtu wa kawaida akiitaka sharti aombe leseni na aeleze anaitakia nini. Huku Texas, tangu 2007, sheria inamruhusu mtu asiyezuiwa kumiliki silaha kuwa na bastola ndani ya gari lake bila kibali, mradi isionekane kwa nje (tangu 2021, ikionekana sharti iwe ndani ya ala), na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu kama mimi huinunua dukani kama raia.

Urefu wa mtutu na idadi ya risasi sitavitaja, kwa sababu vimeandikwa kwenye boksi. Nilichokitaka mimi ni bastola isiyozidi dola 300, inayofyatua kila inapotakiwa kufyatua. Niliishika Hi-Point, ambayo kwa bei haina mpinzani, lakini mkononi ni nzito kama pasi ya mkaa. Niliishika Taurus ya Wabrazili, nikaipenda. Nilitazama pia bastola zilizouzwa na idara za polisi, ambazo aghalabu zimechubuka nje kwa kupanda na kushuka kwenye gari huku ndani zikiwa zimefyatuliwa kidogo tu. Zile za risasi za .40 (yaani upana wa risasi kwa inchi) ndizo zilizokuwa rahisi zaidi, kwa kuwa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, ilirudi kwenye milimita 9 katikati ya miaka ya 2010 na polisi wengi wakaifuata, ila risasi zake zenyewe ni ghali zaidi. Hatimaye nilichukua ya milimita 9 iliyokwisha kutumika, pamoja na magazini mbili, vile vikasha vya kujazia risasi, kwa dola 280. Mtengenezaji wake simtaji.

Kaunta ilinikera tangu siku ya kwanza. Nilijaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha, muuzaji akawauliza FBI kama sizuiwi kumiliki silaha, jibu likaja kwamba nisubiri, jambo ambalo huwapata wengi wasio na kosa lolote. Yeye alilitangaza kwa sauti ambayo hata waliokuwa wakichagua kofia waliisikia. Nilinyamaza. Jibu zuri likaja baadaye, nikaichukua bastola yangu.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwenye ukumbi wa kulenga shabaha. Magazini ya kwanza ilikwisha bila tatizo. Ya pili, risasi ya kwanza ikatoka, na ya pili ikainamisha pua, ikagota chini ya mdomo wa chemba, pale risasi inapoingia kwenye mtutu, ikakaa pale kama mbuzi aliyekataa kupanda mashua. Nikaitoa, nikakoki tena, ikatoka moja, ikagota nyingine. Mara tano. Jasho likanitoka, maana nilikuwa nikiwaza maegesho yale, saa tisa za usiku, na kitu hiki mkononi.

Nikairudisha dukani ikiwa tupu, ndani ya boksi lake. Bwana yule hakulifungua hata boksi. Alinitazama, akatabasamu, akasema, polepole kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "Rafiki, bastola haina neno. Mkono wako ndio umelegea." Yaani sikuishika kwa nguvu, ndiyo maana risasi zinagota. Watu watatu nyuma yangu wakacheka. Mimi, ninayeipandisha mashine ya kung'arishia sakafu ngazi tatu kila usiku! Nilitaka kumjibu, Kiingereza chote kikanikimbia, nikabaki na Kiswahili kisichofaa kuandikwa hapa. Niliondoka nimeazimia kumwambia kila Mswahili wa Houston asiiguse bastola ile.

Aliyenitoa kwenye ujinga ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa kwenye njia ya jirani wiki iliyofuata, mvi tupu, miwani ya kamba shingoni. Aliniona nikihangaika, akaniomba ruhusa, akajaribu mwenyewe: magazini ile ile, ikagota. Akatoa kalamu ya wino mzito mfukoni, akaandika 1 kwenye kitako cha magazini nzima na 2 kwenye ile mbovu, kisha akanionyesha midomo ya namba 2, zile kingo za juu zinazoshika risasi: upande mmoja ulikuwa umepinda kwa unene wa ukucha. Labda iliangushwa na mwenyewe wa zamani. Nikamwambia "ahsante, mama" kwa Kiswahili bila kujua, naye akaitikia kana kwamba ameelewa.

Kwa hiyo bastola ni nzuri. Nimeshafyatua risasi zaidi ya 400 kwa namba 1 na kwa magazini mpya niliyoinunua duka jingine kwa dola 25, na nasema bastola ya bei hii iliyokwisha kutumika inunueni. Ingawa, kusema kweli, ningekuwa naanza leo ningechukua rivolva ya .38, isiyo na magazini ya kupinda wala muuzaji wa kunisingizia. Garini hukaa ndani ya ala inayofunika kifyatulio, kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli, kilichofungwa kwa waya wa chuma kwenye mguu wa kiti. Droo ya dashibodi ni zawadi kwa mwizi anayevunja vioo. Nikifika nyumbani huiingiza ndani na kuifungia, kwani nina binti wa miaka tisa, na sheria ya hapa humshtaki anayeacha bastola yenye risasi bila kuifungia hata mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia.

Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli: mwezi uliopita, nikiwa nimechoka, hata namba 1 ilinigomea mara moja, na yule mama, bila kugeuza kichwa, akaniambia nikaze kiganja. Nilikaza, ikaacha. Mara moja tu, katika risasi 400. Bwana yule hakuijua hiyo mara moja, alikisia tu, bila kufungua boksi.

Magazini namba 2 ninayo bado, kwenye droo ya jikoni, kando ya vijiko. Kila Jumamosi naazimia kumpelekea.