Dogo wa kufundisha gereji: wa VETA (chuo cha ufundi) au wa mtaani?

Ubishi wa kila siku huu. Gharama, dogo wa mtaani unaanza naye kwa hela ya kula na nauli, wa VETA Chang'ombe anakuja fildi, yaani mafunzo ya vitendo, na barua yake, kuna logibuku (daftari la kazi anazofanya) ya kujaza na mwalimu anaweza kupita kumcheki, usumbufu kidogo ila umeme wa gari anausoma kwenye mchoro sio kubahatisha waya. Kukaa sasa, wa chuo fildi ikiisha anasepa, wa mtaani unaye. Ila mcheki umri, kazi hatarishi chini ya miaka 18 sheria haitaki, na ongea na mzazi wake kabla hajashika spana. Unatengeneza magari ya kisasa nenda chuoni, bodaboda za Tandika dogo wa mtaani anatosha, mbele ya safari VETA wanampima na kumrasimishia ujuzi wake.