Sindano ya bega lililoganda: ilichonisaidia na ambacho haikunisaidia

Jamani kwa wale mnaoteswa na bega kuganda, naandika hii manake kabla sijachomwa nilitafuta sana mtu wa kunielezea ukweli nikawa napata wa kusifia tu au wa kutisha tu.

Mi langu ni la kushoto. Lilianza kama vile nimelilalia vibaya, nikapuuza, mwezi wa pili nikawa siwezi kufunga sidiria kwa nyuma, wa tatu hata kuvaa blauzi lazima nianze na mkono mbovu ndo nimalizie na mzima. Usiku ndo balaa, nikijigeuza tu naamka na machozi. Eksirei haikuonyesha kitu. Daktari akanikunjisha kiwiko, akakibana ubavuni akasema haya peleka mkono nje, haukwenda, akausukuma yeye mwenyewe nao haukwenda, akasema basi hili limeganda, kile kifuko kinachozunguka jointi kimevimba na kukakamaa. Nina miaka 52 na kisukari juu, akaniambia nyie ndo linawapenda.

Dawa yenyewe ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, yangu ilikuwa triamsinoloni miligramu 40 na dawa ya ganzi humohumo, akanichomea nyuma ya bega huku anaiangalia sindano kwenye ultrasaundi. Kuchomwa kwenyewe kawaida, ila dawa ikiingia unasikia bega linajaa kwa ndani, linabana hasa, kama dakika hivi halafu basi. Nikatoka pale naupunga mkono najiona nimepona, kumbe ni ganzi, ilipoisha jioni niliumwa kuliko nilivyokwenda, siku mbili nzima ni barafu na parasetamo. Usiku wa nne nikalala mpaka asubuhi. Sikuamini. Miezi mitano nilikuwa sijalala hivyo, kwa hilo tu naipa maksi zote.

Sasa lalamiko langu. Asubuhi huwa napima sukari nakuta 7 au 8, kesho yake baada ya sindano nikakuta 14, nikasema mashine imeharibika hii, nikanawa mikono nikapima tena, 14.2. Na uso unawaka kama nimeinamia moto. Kupiga simu ndo naambiwa aa hiyo kawaida, steroidi inapandisha sukari siku kadhaa. Yaani faili langu limeandikwa kisukari na hakuna aliyefungua mdomo! Ilichukua kama wiki kutulia. Mwenye kisukari ulizia kabla, na hizo siku pima mara nyingi kuliko kawaida yako.

Kingine, sindano haikufungua bega. Ilitoa maumivu, mkono ukabaki palepale, kazi ya kufungua ni mazoezi, na mazoezi ndo yaliwezekana kwa sababu maumivu yamepungua, kabla ya hapo fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akinigusa tu nampigia kelele. Nyumbani natembeza vidole ukutani kupanda juu, pale vinapokomea naweka alama ya penseli. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kidevu, aibu tupu.

Dada mmoja tunayefanya naye fizio yeye alichelewa, alichomwa maumivu yameshaisha limebaki kukakamaa tu, anasema hakuona tofauti yoyote, baadae wakamfanyia ile ya kujaza maji ya chumvi mengi ndani ya jointi ili kifuko kitanuke, hiyo kidogo ilimsogeza. Na mimi nilivyoelezwa ndo hivyo, sindano inafaa zaidi mwanzoni wakati linauma sana, na nguvu yake ni wiki kadhaa mpaka miezi michache, lenyewe bega linaweza kuchukua mwaka mpaka mitatu kuachia. Ya pili nimeikataa kwanza, sukari ile siitaki tena.

Leo ni wiki ya 11, penseli imepita utosi. Sidiria bado nafungia mbele naizungusha.