LM75 au DS18B20: joto likipita mpaka, ipi inakuambia?

Haya wadau, karibuni tena mezani. Leo nina chipu mbili za kupima joto. Habari za usahihi tuziache kando, mimi nataka kujua kitu kimoja: joto likivuka mpaka, chipu inatoaje taarifa?

LM75 ni hii yenye miguu minane. Sogezeni macho hapa, mguu wa tatu, unaitwa OS. Kengele inatokea hapo. Ukiiwasha bila kuipangia chochote, mipaka yake ni nyuzi 80 na 75. Joto likipita 80, volti ya mguu inashuka, na mguu hauachii mpaka joto lirudi chini ya 75. Bila hiyo nafasi ya nyuzi 5, feni yako ingekuwa inawaka, inazima, inawaka, inazima, mpaka ife. Tena unaweza kuiagiza isikurupuke: isubiri vipimo 2, 4 au 6 mfululizo vivuke mpaka ndipo ilie. Hapo wametumia akili. Ila weka rezista ya kuupandisha mguu huo, maana wenyewe unajua kushusha tu.

Ina modi nyingine, inashtua mara moja, ukisoma rejista (kumbukumbu yake ndogo ya ndani) inanyamaza. Kwa feni sioni haja yake.

Sasa DS18B20. Miguu mitatu, na hakuna hata mmoja wa kengele! Ina mpaka wa juu, TH, na wa chini, TL. Kila ikimaliza kupima inalinganisha, na kama kuna tatizo inaweka alama ndani kwa ndani. Wewe huoni kitu mpaka utume amri ya EC (namba ya heksadesimali). Hapo ndipo raha ilipo: hata ukiwa na sensa kumi kwenye waya mmoja, zinazojibu ni zile zilizovuka mpaka tu, kama mwalimu anaposema ambaye hajaelewa anyooshe mkono.

Lakini kuna mtego. Chukua friji ya chanjo, inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Utaweka TH 8 na TL 2, sivyo? Hapana. Ikilinganisha, inaangalia namba nzima tu, desimali inazitupa, na ikilingana na mpaka tayari inalia. Kwa hiyo 2.9 inasomeka 2, kengele hiyo, na chanjo haina neno. Weka TL 1. Hapo 1.9 inanaswa, 2.0 inapita. Juu acha 8 hiyohiyo.

Umeme ukikatika, LM75 inasahau kila kitu, inarudi 80 na 75. DS18B20 inakumbuka mipaka yako, mradi ulituma amri ya 48 (nayo ni heksadesimali) ya kuihifadhi. Wengi wanairuka.

Kwa hiyo amplifaya au pawasaplai, chukua LM75, inaweza kuamsha feni bila programu yoyote. Friji, chukua DS18B20, na programu yako iulize kila dakika. Usipouliza, haisemi.