Uzoefu wangu na gemu la gari: kimya changu kilihesabiwa jibu

Naandika nikiwa bado na hasira, na hii ni wiki ya tatu nalicheza gemu lenyewe. Jina sitalitaja. Ni gemu la kuendesha gari huku ukizungumza na abiria, Italia ya mwaka 1978, barabara ya Aurelia, kutoka Roma kwenda kaskazini hadi kwenye mpaka wa Ufaransa. Bahari iko kushoto kwako karibu safari nzima. Unachomjibu abiria ndicho kinachoamua nani atabaki garini, nani atashuka, na mpakani utafika na nani, kama utafika.

Nililipenda kabla sijafika hata Civitavecchia. Waliolitengeneza wanaujua mwaka ule. Redio ya gari haiachi kumtaja Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani aliyetekwa jijini Roma asubuhi ya Machi 16, walinzi wake watano wakauawa palepale barabarani. Waliomteka ni Brigate Rosse, Brigedi Nyekundu, kundi la siri la mrengo wa kushoto lililopigana na dola kwa silaha, na walikaa naye siku 55. Akiwa humo mafichoni aliandika barua nyingi, akikisihi chama chake kikubali mazungumzo ili aachiwe. Serikali ikakataa. Sisi tunaocheza leo tunajua kwamba Mei 9 maiti yake ilikutwa kwenye buti la Renault 4 nyekundu katikati ya Roma. Ndani ya gemu hakuna anayejua bado. Unaendesha katikati ya siku hizo, unasimamishwa kwenye vizuizi, karabinieri, askari wa Italia, anamulika tochi kiti cha nyuma, na kila redio ikilitaja jina lile abiria wako ananyamaza.

Sasa abiria mwenyewe. Nje kidogo ya Tarquinia msichana aliomba lifti, nikampakia. Mkononi alikuwa na bahasha aliyoikunja mara nne, akawa anaipitishia kidole gumba kwenye kona zake, taratibu, kona moja baada ya nyingine. Waliochora mkono ule wanastahili sifa, sijapata kuona kitu kidogo namna ile kikiniambia mengi kiasi kile. Kwa muda mrefu hakusema la maana. Hali ya hewa, njaa, kama napenda kuendesha usiku. Nikamzoea.

Tumepita Orbetello, mbele yangu kuna lori la magogo linajikokota. Nikatoka kushoto kulipita, na gari jingine likatokeza kwenye kona, taa zimewaka. Wakati huohuo, chini kabisa ya skrini, kwa herufi ndogo nyeupe juu ya bahari iliyojaa jua, yakaja maneno yake: kaka yako angekuwa na hao watu, ungemtaja?

Majibu matatu yakajipanga chini ya swali, na mstari wa muda ukaanza kufupika. Sikuwahi kuyasoma. Niliporudi upande wangu, roho mkononi, mstari ulikuwa umekwisha. Akaniangalia. Akaitia bahasha mfukoni. Akasema nimshushe Grosseto. Nilijaribu kila kitufe. Gemu halina njia ya kumwambia mtu "samahani, sikukusikia, rudia". Akashuka, akafunga mlango, na hadithi yake ikaishia hapo.

Kwenye gari la kweli macho yanaangalia barabara na masikio yanamsikiliza mwenzako, ndiyo maana watu wanafunguka sana safarini: hakuna anayelazimika kumtazama mwingine usoni. Hapa hakuna sauti ya abiria hata mmoja. Mazungumzo yote ni maandishi, kwa hiyo barabara na mtu vinagombea macho yaleyale mawili, na saa inahesabu juu yake. Halafu anayeshindwa kusoma anahesabiwa kuwa amemnyima mtu jibu. Niliwaandikia waliolitengeneza, kwa heshima, nikaeleza kila hatua. Wakanijibu mstari mmoja: mazungumzo yanafanya kazi kama yalivyokusudiwa. Hata salamu hawakuweka.

Jibu hilo lilinichoma kuliko kosa lenyewe, nikaapa silifungui tena. Nililifungua usiku uleule. Kwa sababu walichoandika, pamoja na utovu wao wa adabu, kilikuwa kimenikwama. Mwaka ule kulikuwa na Waitalia waliosema wazi kwamba hawako na dola wala hawako na Brigedi Nyekundu. Kulikuwa na mateka anayeandika barua na wenzake hawampi jibu analoliomba. Kimya kilikuwa na maana nzito, na huenda waandishi walitaka nikionje. Kama ndivyo, ni wazo kubwa.

Lakini hapana. Kimya nilichokichagua na kimya nilichoporwa na lori si kitu kimoja. Wangeweka chaguo la nne, kunyamaza, nikalibonyeza mwenyewe na kubeba mzigo wake, ningewavulia kofia. Walichonifanyia ni kunipa kosa la mikono yangu na kuliita msimamo wangu.

Juzi nimerudia tena, mara ya nne au ya tano. Lile lori la magogo sikulipita. Nilikaa nyuma yake kama mkokoteni, wenye haraka wakanipigia honi na kunipita, mashindano yote nikayaacha yaende. Swali likaja, nikalisoma lote, nikajibu kwamba nisingemtaja. Akaifungua bahasha. Mazungumzo yaliyofuata, kutoka pale hadi karibu na Livorno, ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kukutana navyo kwenye gemu lolote, na ninawakasirikia zaidi sasa kwa kuyaficha mahali ambapo mchezaji anayefanya anachoambiwa, yaani kukanyaga mafuta, hatayaona.

Nilitaka kutoa nyota mbili. Natoa nne, na ile ya tano ibaki Grosseto, kwa msichana niliyemshusha bila kumjibu.