Mashine mbili za kukausha hewa ya bafuni: moja nimeigawa, moja ninayo

Tunapanga Mikocheni, Dar es Salaam, nyumba ya chini, na bafu la chumbani kwetu lina kidirisha kimoja cha luva kinachotazamana na ukuta wa jirani. Taulo ulilolianika asubuhi unalikuta jioni bado bichi. Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, dari ya jipsamu juu ya bomba la mvua ikaanza kuota madoa meusi. Mwanzoni ilikuwa kama mtu kanyunyizia pilipili manga. Nikapanda stuli nikasugua kwa jiki, yakatoka. Wiki mbili baadaye yakarudi na ukoo mzima. Nilivumilia mpaka siku baba watoto alipofungua kabati, ambalo limeegemea ukuta huohuo wa bafu, akatoa viatu vyake vya ngozi vya kutokea vikiwa vimeota manyoya ya kijani. Hakusema neno. Akaviweka mezani, akaniangalia.

Kesho yake nikaenda Kariakoo.

Mashine ya kwanza niliichagua kwa macho: ndogo, nyeupe, ina kitaa cha bluu, inakaa juu ya rafu ya shampuu. Kijana wa dukani akaniambia, "Dada yangu, hii inakausha chumba kizima, na umeme haili kabisa." La umeme alisema kweli, wati 23 tu. Nikalipa elfu tisini na tano. Nikaiwasha usiku, nikaiacha siku nzima, kesho yake nikachungulia kitangi chake: maji ya kujaza vikombe viwili vya kahawa, vile vya wazee wa kijiweni. Madoa ya dari yaliendelea na maisha yao.

Baadaye ndiyo nikaelewa kwa nini. Vimashine hivi havina kompresa, ile pampu ya gesi kama ya friji. Ndani kuna kisahani ambacho umeme ukipita upande mmoja unapoa na wa pili unapata moto, unyevu unageuka matone upande wa baridi, basi. Vingi vinatoa robo lita hivi kwa siku nzima, tena mazingira yakiwa mazuri. Kwenye kabati la nguo kinafaa. Bafu la Dar kinalisindikiza tu. Nimempa mdogo wangu, kakiweka anakotunza kamera zake, na anakisifia.

Aina ya pili ni ya kompresa, na hii ni friji iliyogeuzwa kazi: feni inavuta hewa, inaipitisha kwenye mabomba ya baridi, maji yanadondokea tangini, hewa inatoka kavu na ya moto kidogo. Ipo pia ya tatu, inayotumia gurudumu la madini yanayonyonya maji kisha kuyakausha kwa hita. Hiyo inasifika kwenye baridi, mahali ambapo ya kompresa inaanza kugandisha barafu. Shangazi yangu yuko Njombe, yeye ningemshauri hiyo. Mimi wa Mikocheni, hita nyingine ya nini?

Kitu kimoja wauzaji hawakuambii, labda na wao hawakijui. Ukiona kwenye boksi imeandikwa lita 12 kwa siku, tafuta maandishi madogo pembeni yake. Mara nyingi kipimo hicho kimechukuliwa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Mtu wa Ulaya analalamika kwamba nyumbani kwake haifikii hata nusu, kwa sababu chumba chake kina nyuzi 18. Lakini nyuzi 30 na asilimia 80 si ndiyo hapa hapa? Kwa hiyo huku kwetu namba ya boksi inakaribia ukweli, na huna haja ya kulipia ya lita 20 kwa ajili ya bafu. Nikachukua ya lita 12, wati 210, shilingi laki nne na themanini baada ya kubembelezana na mwenye duka karibu nusu saa.

Kabla ya kulipa niliangalia mambo mawili. Kwanza plagi: pini tatu bapa, voti 220 hadi 240. Duka la jirani lilikuwa na mtumba mzuri wa bei poa, nikageuza nyuma nikakuta voti 110, nikarudisha polepole kama nimeshika mtoto wa mwenzangu. Pili, nilitaka yenye kitasa cha kuzungusha badala ya vitufe vya kugusa. Umeme ukikatika na kurudi, ya kitasa inaendelea yenyewe. Nyingi za vitufe zinabaki zimelala mpaka mtu aje azibonyeze, na sisi tunarudi nyumbani saa moja usiku.

Kosa nililofanya ni usafiri. Dereva wa bodaboda aliilaza nyuma ya pikipiki akaifunga kamba kama mbuzi. Mashine yenye kompresa inatakiwa isafiri imesimama. Ikilazwa, isimamishe na uiache saa kadhaa ndipo uiwashe, ili mafuta ya kompresa yarudi chini. Niliiacha mpaka asubuhi, nikiipita na kuitazama kila nikienda kunywa maji.

Asubuhi nikaiwasha. Kwa saa sita ilitoa chupa mbili za lita moja na nusu, zimejaa. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, akashika chupa, akaiangalia kwenye mwanga: "Mwanangu, umenunua mashine ya kutengeneza maji? Mbona hukuniambia, DAWASA wakikata tuje kwako." Nilifurahi siku hiyo. Siku ya pili chupa mbili. Siku ya tano chupa mbili. Ndipo furaha ikaanza kunitoka, maana mahesabu yalikuwa yanagoma. Bafu langu ni mita mbili kwa mbili, kimo mbili na nusu, yaani mita za ujazo 10. Hewa yote iliyomo, hata ikiwa nzito namna gani kwa fukuto la Dar, imebeba maji yasiyofika nusu lita. Hizi lita tatu kila siku zinatoka wapi?

Sehemu ya jibu ilikuwa luva. Tumezoea kwamba bafu likinuka uvundo unafungua dirisha. Ila masika hewa ya nje nayo imelowa, kwa hiyo mashine ilikuwa inajaribu kukausha Bahari ya Hindi kupitia kidirisha changu. Sasa utaratibu ni huu: baada ya kuoga nafungua kwa robo saa, mvuke mzito utoke, nakausha sakafu kwa mpira wa kusukumia maji, halafu nafunga luva na mlango ndipo nawasha. Zile luva hazishikani vizuri, kwa hiyo nimezibandikia nailoni ngumu inayofunuka.

Maji yakapungua hadi chupa moja na robo. Bado mengi. Nikanunua kipima unyevu cha elfu kumi na tano, kile chenye kioo kidogo, nikawa nakihamisha ukuta hadi ukuta. Ukuta wa kabatini ulikuwa unasoma juu kuliko kwingine kote. Fundi bomba akaja, akagonga vigae kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza kama daktari, akabandua viwili. Nyuma yake kona ya bomba la plastiki la PPR ilikuwa inatoa chozi moja baada ya jingine, taratibu, pengine tangu kabla hatujahamia. Baba mwenye nyumba alilipia ukarabati baada ya kuja kushika ukuta kwa mkono wake. Kwa hiyo kama mashine yako inajaza tangi kila siku na haipungui, usiisifie. Ita fundi.

Baada ya kona kubadilishwa na ukuta kukauka (ilichukua karibu wiki tatu), sasa hivi miezi saba imepita na naiwasha kwa saa mbili tu kila usiku. Haijazi hata chupa ya nusu lita. Kipimo cha unyevu kinashuka kutoka asilimia 80 na kitu hadi 58 au 60, na siihangaishi zaidi ya hapo. Dari niliisugua, ikapigwa rangi upya, haijarudi doa hata moja.

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kwangu elfu kumi inanipa uniti 28. Wati 210 kwa saa sita ni uniti 1.26, hivyo mwezi ule wa kwanza ilinila kama elfu kumi na tatu na nusu. Sasa haifiki elfu tano. Mwenzangu uliye kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wa uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kwanza: ukiiendesha saa sita kila siku inakumezea uniti 38, nusu ya mgao wako, na ukivuka 75 utaionja bei ya wengine. Na kama chumba chako kina AC, anza na hiyo. AC nayo inakausha hewa. Washa alama ya tone la maji, acha mlango wa bafu wazi kwa saa moja, pengine hutahitaji kununua kitu.

Malalamiko yangu. Inatoa joto, na Januari chumba cha pembeni utalisikia. Inanguruma kama friji ya zamani, usitegemee kulala nayo. Waya wake ni mfupi, na hapo siwezi kuwafokea waliotengeneza, kwa sababu soketi inatakiwa iwe chumbani na si bafuni. Yangu inakaa kona ya mlangoni, mbali na bomba la mvua, na mtu akitaka kuoga anaichomoa na kuitoa kwanza. Watoto wanajua. Kichujio cha nyuma kinashika vumbi, nakiosha kila Jumamosi nyingine.

Yale maji si ya kunywa, yanapita kwenye vyuma na vumbi. Tunamwagia chooni. Fundi wa betri jirani aliyaomba akidhani ni sawa na maji ya betri, nikamkatalia, akaondoka amenuna.