Massey Ferguson kuukuu: kagua oili ya difu kabla ya injini

Malalamiko ya wasomaji walionunua trekta kuukuu yanafanana: injini inaunguruma vizuri, lakini jembe la diski halipandi, na likipanda halikai juu. Wanunuzi wengi hukagua injini na matairi, kisha hulipa bila kuigusa haydroliki, yaani mfumo wa kunyanyua jembe kwa msukumo wa oili.

Massey Ferguson ilitokana na muungano wa mwaka 1953 kati ya Massey-Harris ya Kanada na kampuni ya Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland aliyeendeleza mfumo wa kufunga jembe kwa pointi tatu na kulinyanyua kwa haydroliki. Katika trekta hizi pampu ya kunyanyulia imezama ndani ya oili ileile inayolainisha gia na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma). Mpira unaofunika mguu wa gia ukipasuka, maji ya mvua hupenya hadi humo, oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, na pampu ikaanza kulika. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo, ilhali kuitoa pampu humlazimu fundi kufungua mfuniko mzima wa haydroliki. Kwa hiyo chomoa kijiti cha oili, utazame rangi. Kisha nyanyua jembe, zima injini, uone kama mikono inayolibeba inashuka papo hapo.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni MF 375 yenye silinda 4 na nguvu za farasi zipatazo 75, kwa kuwa huvuta diski 3 na bado huundwa na kampuni ya Millat ya Pakistani, jambo linalorahisisha vipuri. Ya pili ni MF 290, trekta imara, ingawa nyingi zimepita mikononi mwa watu wengi. MF 240 ya silinda 3 inafaa trela na mashamba madogo. MF 135, iliyotoka mwaka 1964, inunue ukiwa na fundi wa karibu.

Linaloniudhi ni madalali wanaopandisha bei kwa kudai kwamba trekta ni "ya Uingereza". Kampuni ya AGCO ya Marekani, inayoimiliki Massey Ferguson tangu 1994, ilifunga kiwanda cha Coventry, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anayekuuzia MF 375 ya mwaka 2012 kwa jina la Coventry anakudanganya, hata rangi ikiwa mpya. Soma kibati cha kiwandani, na usitoe kishika uchumba kabla hujaiona oili.