Uzoefu wangu: begi la lita 40 mgongoni, miezi kumi, kutoka Delhi hadi New Zealand

Nianze na alama, maana najua wengi wenu mnaruka maneno yote kuitafuta. Kwa Asia naliwekea begi hili tisa juu ya kumi. Kwa New Zealand nne, na hizo nne ni za huruma.

Ni begi la mgongoni la lita 40, aina ile inayofunguka yote kama sanduku, siyo ya kukaza kamba kwa juu. Likiwa tupu lina kilo 1.4. Kampuni siitaji, kwa sababu huko mbele kuna malalamiko na sitaki ugomvi na mtu. Isitoshe mabegi ya muundo huu yamefanana sana, ukilijua moja umeyajua mengi. Mume wangu alichukua la lita 65, la wapanda milima, lenye mgongo unaopandishwa na kushushwa na mkanda wa kiunoni mnene kama mto wa mtoto. Dukani tulibishana mpaka muuzaji akatuacha akaenda kunywa chai. Kila mtu akatoka na lake, na kwa miezi kumi nikawa nahesabu pointi.

Pointi ya kwanza niliipata India. Treni ya usiku ya Delhi kwenda Varanasi tulipata tiketi za RAC. Kwa asiyezijua: unaruhusiwa kupanda, ila kitanda kimoja cha pembeni, cha chini, mnapewa watu wawili mkae mkitazamana, mkiomba mwenye nafasi mahali fulani asitokee ili mhamishiwe. Usiku ule wote walitokea. Begi langu lilipenya chini ya kitanda kama limepimwa. Lake liligoma, kwa sababu huko chini kulishakaa magunia mawili na sanduku la bati la familia ya jirani. Ikabidi alipakate. Kwa hiyo kitanda cha mtu mmoja tulilala watatu: mimi, yeye, na lita 65.

Nepal tulizunguka milima ya Annapurna kwa miguu. Ile siku ya kuvuka Thorong La, pito la juu kabisa la njia ile, mita 5,416, tuliamka saa tisa usiku, na pumzi ilikuwa inahesabika. Mgongoni nilikuwa na kilo sita tu. Nilipita watu wakubwa kuniliko, wanaume wenye miguu kama nguzo, nikajiona mwamba. Mifuko ya kulalia, yote miwili, ilikuwa kwake, kwa kuwa kwangu haikuingia. Sikuliona hilo kuwa hoja. Endeleeni kusoma.

Kusini-Mashariki ya Asia ndiko begi la lita 40 lilikozaliwa kuishi, na hapa sitanii. Mtu hukai mahali pamoja. Unashuka kwenye treni, unapanda bajaji, unateremka ngazi za udongo hadi mtoni, unavua viatu mlangoni kwa watu. Boti ya polepole ya mto Mekong, nchini Laos, kutoka Huay Xai hadi Luang Prabang, inachukua siku mbili, na usiku wa katikati mnalala Pak Beng. Pale boti inapoegesha, ukingo wa mto umesimama kama ukuta. Mizigo mikubwa ilikuwa imefukiwa chini ya sakafu ya boti, na wenye nayo walisubiri itolewe mmoja mmoja. Langu nilikuwa nalo miguuni tangu asubuhi. Nikapanda, nikachagua chumba, nikaoga, nikashuka tena kumsaidia mume wangu aliyekuwa bado anamwonyesha kijana wa boti kwa vidole: lile, hapana lile, lile la bluu.

Hanoi, Vietnam, pikipiki za Grab, zile unazoziita kwa simu. Mimi napanda na begi langu mgongoni, safari inaanza. Lake dereva analiweka mbele, katikati ya magoti yake, halafu anaendesha akichungulia juu yake kama mtu anayetazama mpira nyuma ya ukuta. Kwenye treni ya kwenda Hue, kilomita 688, tulichukua behewa la vitanda sita kwa chumba, na mimi nilipewa cha juu kabisa, ambako hata kukaa wima huwezi. Begi nilipanda nalo, nikalifanya mto. Na kwa sababu linafunguka lote, saa kumi alfajiri, gizani, niliweza kutoa mswaki bila kumwaga nguo. Huu ndio uzuri wake mkubwa, kuliko hata udogo. Begi la kufunguka juu ni kama kisima, unachokitaka siku zote kiko chini.

Sasa malalamiko.

Mwezi wa tano wa safari, kisiwa cha Java, Indonesia, mvua za kila alasiri. Kifuniko cha mvua kilichokuja na begi kilianza kunata. Ule utando wa ndani unaozuia maji ulichambuka kama ngozi iliyoungua jua, ukabaki vipande vipande kwenye nguo zangu nyeusi, na harufu yake sijui niifananishe na nini, labda soksi iliyosahaulika ndani ya buti. Nimeelezwa baadaye na fundi kwamba utando wa namna ile hauipendi hewa ya joto yenye unyevu, hasa ukiukunja ukiwa mbichi. Nilikuwa naukunja mbichi kila siku, kosa langu hilo. Lakini begi linauzwa kuwa ni la safari za tropiki, na kwenye maelezo hakuna hata mstari mmoja wa kunionya.

Halafu zipu. Yogyakarta, kitandani, naifunga kama kawaida, nikasikia mlio mdogo: tss. Meno yakaachia nyuma ya kichwa cha zipu, begi likafunguka kama mdomo. Uzuri wote wa kufunguka kama sanduku unategemea zipu hiyo moja. Ikifa, huna begi, una shuka lenye mikanda. Niliwaandikia kampuni, wanaotangaza dhamana ya maisha. Wakajibu kwa upole mwingi kwamba nitume picha. Nikatuma. Wakajibu, kwa upole uleule, kwamba nilisafirishe begi kwenye karakana yao, bara jingine, kwa gharama yangu, na matengenezo ni wiki sita hadi nane. Vitu vyangu ningevibeba kwenye nini kwa wiki nane, hilo hawakuuliza.

Fundi viatu aliyekuwa ameketi kando ya njia na cherehani yake ya mkono alilitazama begi, akalitazama tena, akatoa koleo. Hakubadilisha zipu. Alikibana kile kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, akapaka nta ya mshumaa kwenye meno, akavuta. Ikafunga. Kisha, bila kuombwa, akashona nyuzi mbili nene mwisho wa zipu ili kichwa kisifike tena pale kilipochoka. Rupia 30,000, ambazo hazifiki hata dola mbili. Mshono ule upo hadi leo. Kwa hiyo ukinunua begi la aina hii, kabla ya kutazama rangi, shika zipu. Kama kichwa chake ni chepesi na meno ni membamba kuliko punje ya mchele, rudisha kwenye rafu.

Kisiwani Bali ndipo pointi zangu zilipoanza kuyeyuka.

Ndege za bei nafuu za ukanda ule nyingi zinakuruhusu kilo 7 za mkononi, na wengine wanapima kweli, hawatishii. Uwanja wa Denpasar, safari ya Australia, langu likasoma 7.3. Nikavaa koti, mizani ikashuka, nikapita natabasamu. Lake, la kuingia tumboni mwa ndege, lilitakiwa lisizidi 15. Likasoma 17.8. Mhudumu akasema lipieni au punguzeni. Mume wangu akapiga magoti sakafuni, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja, na foleni yote nyuma yetu inatazama. Buti zangu za mlimani. Sweta langu la sufu. Vitambaa viwili vya batiki nilivyonunua Yogyakarta. Mfuko wa dawa. Mfuko wa chaja zote na pawabenki, ambao mhudumu alipouona alimwambia huo hauendi tumboni kwa vyovyote, ubebe mkononi. Chupa yangu ya mafuta ya nywele, iliyofungwa kwenye mifuko mitatu ya plastiki. Na mifuko miwili ya kulalia.

Hakusema neno. Alinitazama tu.

Miezi saba nilikuwa nawahubiria watu kwenye hosteli habari za kusafiri mwepesi, na begi langu dogo lilikuwa linaishi kwa mgongo wake, maneno haya myachukue kama yalivyo. Kwa hiyo mkiona mtu anajisifu kwamba lita 40 zinamtosha kwa mwaka mzima, muulizeni kwanza anasafiri na nani.

Australia sina mengi. Tulishuka pwani ya mashariki kwa basi kutoka Cairns, ghali, masaa marefu, mabegi yote mawili yakiwa sawa kwenye buti la basi. Makabati ya hosteli yalimeza langu, lake lililala nje limefungwa mnyororo.

New Zealand jambo la kwanza ni zile buti za mlimani. Kwenye fomu ya kuingia wanauliza kama una vifaa vya porini: viatu vya mlimani, hema. Sema ndiyo. Faini ya papo hapo kwa asiyetangaza kitu kinachohitaji kukaguliwa ni dola 400 za kwao. Tulikuwa tumezisugua buti Sydney kwa mswaki wa meno, na bado ofisa aligeuza soli, akachokonoa kwa kijiti, akatoa punje ya udongo, akaenda nazo nyuma kuzisafisha. Alizirudisha zimeng'aa kuliko siku tuliyozinunua. Hapa tena begi la kufungua kama sanduku lilinisaidia, dakika moja kila kitu kilikuwa mezani.

Kisha tukaingia njia ya pwani ya Abel Tasman, kilomita 60, siku tano na hema. Vibanda vya njia ile havina majiko, kwa hiyo unabeba lako, na gesi, na chakula chote. Sasa mume wangu alikuwa ameshajaa. Mimi nikapewa jiko, sufuria na chakula: kilo 11, nusu yake ikining'inia nje ya begi, ikigonga gonga kama ya mchuuzi wa vyombo. Na hapo ndipo nilipoelewa kuwa tulibishania kitu kisichohusika. Tulibishania lita. Mkanda wa kiuno wa begi langu ni utepe tu, hauna sponji, hauna mfupa; kazi yake ni kuzuia begi lisicheze. Uzito wote ulikaa mabegani. Jioni ya kwanza nilikuwa na alama mbili nyekundu kama nimechapwa.

Siku ya pili tulibadilishana. Tukashusha mgongo wa begi lake ulingane na wangu, kutoka ule mfupa wa shingo unaochomoza ukiinama hadi juu ya nyonga, nikakaza mkanda kwenye nyonga. Lilikuwa na kilo 13. Wallahi lilikuwa jepesi kuliko kilo 11 zangu. Yeye na langu alifika kambini amepinda, akavua, akasema, "Bibie, hiki umekibeba Asia nzima?" Nikamwambia hapana, ulikibeba wewe.

Ghuba la Awaroa halina daraja wala njia ya pembeni. Linavukwa kwa miguu maji yakiwa yamekupwa: kuanzia saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, hadi masaa mawili baada yake. Tulichelewa kufunga hema, tukaingia mwishoni mwishoni, maji yakafika mapajani na baridi yake inauma hadi kwenye jino. Begi la lita 65 nilikuwa nalo juu sana mgongoni, kavu. Langu, kwa zile sufuria zinazoning'inia, lililowa chini, na mchele wetu wa siku mbili ukaanza kupikika peke yake. Na upande wa pili tulipokuwa tunaanika, akaja yule ndege wao asiyeruka, anaitwa weka, ingawa kazi yake ni kuondoa, akachukua soksi yangu akaingia nayo kichakani.

Kwa hiyo kama safari yako ni ya treni, boti, basi na hosteli, nunua lita 40 zinazofunguka lote, kagua zipu, kifuniko cha mvua nunua kingine na ukianike kila jioni. Kama kuna hata wiki moja ya kulala porini, tafuta lita 50 zenye mkanda wa nyonga wa kweli. Mimi ndilo nitakalochukua safari ijayo. Mume wangu naye kabadilika, anasema atashuka hadi 45, amechoka kupakata. Nimemuuliza, na mafuta yangu ya nywele yatakaa wapi?